Malazi ya Wajumbe wa Vyama Jijini Dar es Salaam

(Mazungumzo kwa makatibu na wanakamati wa vyama vya msingi)



Katika vitabu vya hesabu vya vyama vingi vya msingi kimo kifungu kimoja kinachopita bila kuulizwa mpaka siku ya mkutano mkuu. Kifungu hicho huandikwa "safari na malazi". Mbolea huulizwa bei yake, magunia huhesabiwa moja moja, mizani hukaguliwa. Lakini mjumbe aliyekwenda Dar es Salaam akirudi, huandika jumla ya fedha alizotumia, mhazini hufunga masurufu yake, na mambo huishia hapo. Kisha mwanachama mmoja husimama mkutanoni na kuuliza: "Siku nne mjini, fedha zote hizi zililala wapi?" Swali hilo likikosa jibu lililoandikwa, haharibikiwi mjumbe peke yake. Imani ya wanachama kwa kamati nzima hupungua, na imani ikipungua, mazao huanza kuishia mikononi mwa walanguzi kabla hayajafika ghalani.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba chumba cha kulala mjini ni bidhaa kama bidhaa nyingine zinazonunuliwa na chama. Yapasa kinunuliwe kama mbolea inavyonunuliwa: kwa hesabu kamili, mapema, kwa stakabadhi na, inapowezekana, kwa pamoja.

Sababu za ughali wa jiji

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mbali na hao wenyeji, jiji hupokea kila siku wageni wa namna nyingi: wafanyabiashara wa mikoani wanaonunua bidhaa Kariakoo, wenzao wa Kongo, Zambia na Malawi ambao mizigo yao hupitia bandarini, wagonjwa waliopewa barua za kwenda hospitali kubwa, na watu wenye mashauri ya kila aina. Wote hao hutafuta kitanda, na wengi wao hukitafuta mahali pamoja, yaani kati ya Posta na Kariakoo. Mjumbe wa chama cha wakulima anapofika na begi lake, anashindania chumba na mtu ambaye faida ya kontena moja yaweza kumlipia hoteli mwezi mzima.

Tena bei hazikai mahali pamoja mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai kuna Maonyesho ya Sabasaba katika viwanja vya Barabara ya Kilwa. Katika siku hizo nyumba za wageni za Temeke, Kurasini na Kariakoo hujaa, na punguzo la bei huwa gumu kupatikana. Chama ambacho shughuli yake yaweza kusubiri wiki mbili hakina sababu ya kumpeleka mjumbe wakati huo.

Yafaa pia ifahamike kwamba mwezi Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kabla ya hapo hoteli nyingi za jiji zilitaja bei kwa dola, na mjumbe aliyebadilisha shilingi zake kichwani alikosea mara kwa mara. Mjumbe akitajiwa bei ya dola, ana haki ya kuomba bei ya shilingi, naye aiandike.

Je, safari yenyewe ni ya lazima?

Chumba kilicho rahisi kuliko vyote ni kile ambacho hakikuhitajika. Kabla kamati haijaidhinisha malazi, inapasa iulize kwanza kama shughuli yenyewe iko Dar es Salaam. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wizara na ofisi nyingi ambazo vyama vilizoea kuzifuata pwani zimehama. Tume ya Maendeleo ya Ushirika yenyewe ina makao yake makuu Dodoma. Si ajabu mjumbe kufika Dar es Salaam, kulala usiku mmoja, kisha kuambiwa mlangoni kwamba mhusika yuko Dodoma. Simu moja ya katibu, iliyopigwa siku tatu kabla, huokoa nauli na kitanda.

Pili, iulizwe kama mjumbe hawezi kurudi siku ile ile. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo. Stesheni yake ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji. Kwa chama cha Morogoro, safari iliyokuwa na usiku mmoja wa gesti sasa yaweza kumalizika kati ya asubuhi na jioni, mradi miadi iwe imethibitishwa na tiketi zimekatwa mapema.

Kuhusu mabasi ya usiku, ambayo yaliruhusiwa tena mwaka 2023, inafaa kuwa na tahadhari. Ni kweli kwamba anayelala ndani ya basi halipi gesti usiku huo. Lakini mjumbe aliyekesha barabarani, kisha akaketi saa tatu asubuhi kujadili bei na mnunuzi aliyelala nyumbani kwake, hayuko sawa na mwenzake. Gharama ya kitanda iliyookolewa yaweza kupotea kwa neno moja la kukubali bei mbaya.

Hesabu kamili ya chumba

Kosa kubwa linaloonekana katika taarifa za safari ni kuhesabu bei ya chumba peke yake. Kituo cha mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa mwaka 2021, kiko Mbezi Luis, yapata kilomita 20 kutoka Posta. Mjumbe anayeshuka hapo jioni amechoka, huona gesti karibu na kituo, husikia bei ndogo, na huchukua chumba kwa siku zote tatu. Asubuhi huanza gharama nyingine.

Chukueni mfano huu, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu, wala si bei za soko. Wajumbe wawili wanakwenda kwa siku tatu. Mbezi, chumba ni shilingi 20,000 kwa kila mmoja. Kwa usiku tatu, vyumba viwili ni shilingi 120,000. Lakini kila mmoja hutumia shilingi 12,000 kwa siku kwa daladala na bajaji za kwenda mjini na kurudi, jumla shilingi 72,000. Gharama kamili ni shilingi 192,000. Kariakoo, chumba ni shilingi 28,000. Vyumba viwili kwa usiku tatu ni shilingi 168,000, na nauli ya mjini ni shilingi 2,000 kwa siku kwa kila mmoja, yaani shilingi 12,000. Gharama kamili ni shilingi 180,000. Kumbe chumba cha bei kubwa ndicho kilicho nafuu.

Hesabu haiishii hapo. Ikiwa wajumbe hao watapata chumba kimoja chenye vitanda viwili kwa shilingi 40,000, usiku tatu ni shilingi 120,000, na pamoja na nauli ni shilingi 132,000. Tofauti na ile gesti ya Mbezi ni shilingi 60,000. Chama kinachokata ushuru wa shilingi 50 kwa kilo hakina budi kupokea kilo 1,200 za mazao ya wanachama ili kupata fedha hizo. Hapo ndipo mwanachama aliyebeba gunia lake kichwani anapoelewa maana ya neno "malazi".

Iongezwe pia hatari ya kuchelewa. Magari ya Barabara ya Morogoro hukwama asubuhi, na mwenye miadi ya saa tatu anayetoka Mbezi saa mbili amekwisha kuchelewa. Miadi ikipotea, siku nyingine huongezwa. Katika mfano ule, siku moja zaidi ni shilingi 64,000 nyingine. Kwa hiyo kanuni ya kukumbuka ni hii: chumba kitafutwe karibu na kazi, si karibu na kituo cha basi. Anayeshukia Mbezi usiku sana aweza kulala hapo usiku mmoja kwa usalama wake, halafu asubuhi ahamie karibu na shughuli.

Mahali pa kutafuta

Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, una gesti nyingi za kila daraja. Faida yake ni ukaribu na mjini; hasara yake ni kelele na msongamano. Ilala na Magomeni haziko mbali na mjini, na mara nyingi bei zake huwa za chini kidogo. Sinza ina nyumba nyingi za wageni, lakini nyingine ziko juu ya baa au ukuta mmoja na baa, na muziki hauzimwi mapema. Kigamboni hufaa kwa mwenye kazi ng'ambo hiyo; mwenye kazi Posta akumbuke foleni ya kivuko.

Kisha kuna nyumba za wageni na mabweni ya taasisi za dini na za kijamii, ambazo wasafiri wenye fedha kiasi wamezitumia kwa miaka mingi: YMCA na YWCA mjini kati, Luther House karibu na kanisa la Azania Front, Msimbazi Centre huko Ilala, na nyumba ya Jeshi la Wokovu huko Mgulani. Kwa kawaida nyumba za namna hii huwa na utulivu, huandika stakabadhi bila kusukumwa, na hazimuulizi mtu dini yake. Vyumba vyake huwahi kujaa, kwa hiyo katibu apige simu kabla ya safari.

Kuhusu kulala kwa ndugu, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna shamba la kumpa mgeni, lakini maji hununuliwa, unga hununuliwa, na vyumba ni vichache. Mjumbe akipenda kufikia kwa ndugu yake ni hiari yake, naye asiende mikono mitupu. Ila kamati isipange safari kwa kutegemea ukarimu wa watu ambao si wanachama wa chama, wala isimlazimishe mjumbe asiye na ndugu ajitafutie mwenyewe.

Kuagiza chumba na kulipa

Mjumbe asifike jijini kabla hajajua atakapolala. Asiyejua huangukia mikononi mwa wapiga debe wa kituoni, ambao humpeleka kwenye nyumba inayowalipa wao, na malipo hayo huongezwa katika bei yake. Katibu apige simu kwa nyumba mbili au tatu, aulize maswali yale yale kwa kila moja, na aandike majibu. Maswali yenyewe ni haya: Bei ni ya chumba au ya mtu? Choo na bafu ni vya ndani au vya pamoja? Kuna feni au kiyoyozi, na bei inabadilika? Chai ya asubuhi imo? Maji yapo siku zote? Saa ya kuondoka ni ipi? Kuna punguzo kwa anayelala zaidi ya usiku mmoja? Stakabadhi inatolewa?

Swali la kuondoka lina uzito wake. Nyumba nyingi hutaka mgeni atoke saa nne asubuhi. Mjumbe ambaye basi lake huondoka jioni akisahau jambo hilo hutozwa siku nyingine kamili, hali angeweza kuomba begi lake litunzwe mapokezi. Halikadhalika, wanaosafiri wawili wataje mapema kwamba wanataka vitanda viwili, kwa kuwa nyumba nyingi hazikubali wanaume wawili katika chumba cha kitanda kimoja.

Malipo ya awali kwa simu yana manufaa, kwani yanapunguza fedha taslimu mfukoni na yanaacha kumbukumbu. Lakini yatumwe kwa namba ya malipo yenye jina la nyumba yenyewe, baada ya jina hilo kuonekana kwenye simu. Ujumbe wa "ile fedha tuma kwenye namba hii" umekwisha kuwaliza wengi. Tena isitumwe bei yote. Usiku wa kwanza watosha, na uliosalia ulipwe baada ya mjumbe kukiona chumba kwa macho yake.

Usalama na heshima ya mjumbe

Kubana matumizi kuna mpaka wake. Mjumbe hubeba nyaraka za chama, mara nyingine hundi na mihuri. Nyumba isiyo na kitasa kizima, isiyo na kitabu cha wageni, wala mtu wa mapokezi usiku, si nafuu hata ingekuwa bure. Mjumbe akifika ajaribu kufunga na kufungua mlango mwenyewe, aangalie dirisha, chandarua na njia ya kutokea moto ukitokea. Akiona kasoro aombe chumba kingine kabla hajalipa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wajumbe wanawake. Katika vyama vingine imekuwa desturi kuchagua gesti kwa kuangalia bei tu, kisha mama mjumbe akajikuta peke yake katika nyumba ya baa ambamo milango hugongwa usiku kucha. Baadaye hukataa kusafiri, na kamati husema kwamba wanawake hawataki uongozi. Sivyo, hawataki kulala mahali pa hatari. Mjumbe mwanamke aulizwe mwenyewe nyumba anayoiamini, na tofauti ya bei ilipwe na chama bila manung'uniko.

Stakabadhi na taarifa

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya safari, kamati iamue kwa maandishi mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni posho ya kujikimu kwa kiwango kimoja kwa kila usiku, ambayo mjumbe huitumia apendavyo. Njia ya pili ni chama kulipa gharama halisi kwa stakabadhi, bila kuvuka kiwango kilichowekwa. Kila njia ina wema wake, lakini kuzichanganya huleta ugomvi: mjumbe mmoja hulala kwa ndugu na kupokea posho yote, mwingine hulala gesti na kudaiwa stakabadhi ya kila shilingi. Kiwango chochote kitakachotumika kiwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu.

Stakabadhi ichukuliwe asubuhi ya kwanza, si dakika ya mwisho basi linapongoja. Iwe na jina la chama, tarehe za kulala, idadi ya vyumba, na iwe ya mashine ya kielektroniki kwa nyumba iliyo nayo. Nyumba ndogo isiyo na mashine iandike kwa mkono na kugonga mhuri. Mjumbe anaporudi, aandike taarifa ya ukurasa mmoja: alikwenda kwa nani, alipata nini, alilala wapi, kwa bei gani. Taarifa hiyo ibandikwe kwenye ubao wa chama. Fedha zikibandikwa ukutani, minong'ono hukosa pa kukaa.

Kununua kwa pamoja

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafumaji na mafundi wachache waliochoshwa na bei na ulaghai wa wauza duka walichanga fedha zao na kufungua duka lao wenyewe. Mwaka huo huo, London, vijana wachache waliokwenda kutafuta kazi katika jiji hilo kubwa walianzisha chama cha YMCA, ambacho baadaye kilieneza mabweni ya bei nafuu katika miji mingi duniani. Shabaha zao hazikuwa moja, lakini wote waligundua kwamba mtu mnyonge akiwa peke yake mjini hupangiwa bei, na wanyonge wakiwa pamoja huweza kuzungumza bei.

Vyama vya nchini vimepata kulitambua jambo hilo. Chama Kikuu cha KNCU cha Kilimanjaro, kilichoundwa mwaka 1933, kilipata kuwa na vyumba vya wageni katika jengo lake mjini Moshi, vilivyojulikana kwa jina la Coffee Tree. Si kila chama kikuu chaweza kujenga hoteli, wala haihitajiki. Kinachohitajika ni daftari na barua.

Daftari liwekwe kwenye chama kikuu. Kila mjumbe wa chama cha msingi anaporudi, taarifa yake ya malazi iingizwe humo: nyumba, mtaa, bei, tarehe, usafi, usalama, stakabadhi. Baada ya mwaka mmoja, chama kitakuwa na elimu ambayo hakuna mpiga debe awezaye kuishinda, na mjumbe mpya hataanza kutafuta upya kana kwamba hakuna aliyewahi kumtangulia. Kisha chama kikuu kihesabu usiku zote ambazo vyama vyake vyote vililala Dar es Salaam. Mwenye nyumba anayekataa kupunguza bei kwa mgeni wa usiku tatu husikiliza kwa makini anapoandikiwa barua kwamba vyama kadhaa vitalala kwake mwaka mzima, kwa bei moja iliyokubaliwa, na ankara italipwa kila mwezi. Nyumba mbili zatosha, moja ya kawaida na moja ya akiba pale ya kwanza inapojaa.

Hayo yakifanyika, siku ya mkutano mkuu mwanachama akiuliza fedha zililala wapi, katibu atafungua daftari na kumsomea nyumba, mtaa, tarehe na bei.